Usinunue hiyo sensa! (kwa mwenye Toyota IST ya Fuoni)

Weka hiyo pesa mfukoni kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba sailensa (mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta) inapanda na kushuka, gia ya otomatiki inachelewa kuingia, taa ya injini inawaka, mashine ya kusomea hitilafu imetoa kodi P0123, na fundi kakwambia "sensa ya throtoli imekufa, tafuta laki na themanini." (Throtoli ni kile kilango cha hewa ya injini kinachofunguka ukikanyaga mafuta; sensa yake inapima kimefunguka kiasi gani.) Ukauliza uchukue mpya au mtumba, kama ndiyo inayokunywa mafuta, na kama Ijumaa unaweza kwenda nayo Nungwi. Yakhe, mie nilipofika hapo kwenye "imekufa" niliacha chai ikapoa.

Niko Chake, Pemba. Nina IST kama hiyo, ile ya throtoli inayovutwa na kebo, na kila siku napanda nayo vilima vya njia ya Wete. Ilianza hivyo hivyo. Fundi alichomeka mashine, akasoma P0123, akachomoa. Dakika tatu. Mita hakuishika, boneti hakuifungua. Nikaagiza sensa Unguja, ikaja na boti mpaka Mkoani, nikaenda kuipokea mwenyewe kama mgeni wa harusi. Tukafunga, gari ikatulia. Nikampa fundi pesa yake na soda juu.

Wiki mbili tu, ikarudi vile vile. Akaniambia ile sensa ilikuwa feki. Na mie, kwa akili zangu timamu, nikanunua ya pili.

Sasa hapa ndipo pa kulia. Sensa ya pili ilipogoma nikampelekea gari "mtaalamu wa umeme", yule anayeongea sana. Akasema anataka kupima nyaya, akaniomba pini. Nikaingia ndani nikachukua pini ya mtandio wa mke wangu, nikamkabidhi kwa mkono wangu huu. Akatoboa mpira wa waya mmoja, wa pili, wa tatu, akagusisha taa ya kupimia, akatikisa kichwa: "Umeme unafika. Basi kontroli boksi." Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya mtumba ikatoka Dar kwa laki nne. Hizo zilikuwa pesa za mabati ya jiko. Masika ile tulipika chini ya turubai, na kila sufuria iliyoingia maji ilitajiwa jina langu. Ile pini nayo nadaiwa mpaka leo.

Boksi haikusaidia kitu. Gari ikazidi. Ikinyesha, au nikipaki karibu na bahari usiku, asubuhi haikai sailensa kabisa.

Aliyeniokoa hata si fundi wa magari. Ni mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti. Alipoona zile alama za pini akasonya, akaniuliza, "Nani kakutobolea nyaya na chumvi yote hii?" Akaweka mita kwenye DC volti 20, swichi ya gari on, injini imezimwa, soketi ya sensa IMECHOMEKWA. Ncha nyeusi akaiweka kwenye hasi ya betri. Ncha nyekundu akaipitisha kwa nyuma ya soketi, kwa kijiwaya chembamba kinachoteleza pembeni ya mpira bila kutoboa kitu. Akagusa waya wa ethi, ule unaorudi kwenye hasi. Pale panatakiwa pawe karibu na sifuri, isipite 0.1. Ilisoma 0.8. Akautikisa ule waya kwa kidole kimoja, namba ikaruka karibu na 5.

Akachana mpira palepale pini ilipopita. Shaba yote kijani, ukigusa inakuwa unga. Zilibaki nyuzi mbili zinashikana kwa huruma ya Mungu.

Sasa elewa hii P0123 inasema nini. Sensa ya aina hii ina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kontroli boksi, mmoja ethi, wa tatu unarudisha habari ya mguu wako. Ukiachia mafuta, huo wa tatu unasoma kama 0.5; ukikanyaga mpaka mwisho unapanda mpaka kwenye 4 na kitu. Ethi ikikatika, volti hazina pa kushukia, kwa hiyo waya wa habari unabaki juu. Kontroli boksi inaona volti nyingi kupita kiasi, inaandika P0123. Ethi ikiwa nusu inashika nusu imekatika kama yangu, basi hata ukiwa umeachia mafuta boksi inadhani unakanyaga. Gia zitaacha kuchelewa vipi? Kodi inataja njia nzima, yaani sensa, nyaya na soketi; haijasema sensa peke yake. Huyo aliyesema sensa ni fundi wako.

Na zile wiki mbili za raha? Mzee alinionyesha kipini cha ndani ya soketi kimelegea. Kila tulipochomoa na kuchomeka kubadilisha sensa, kile kipini kilijikwangua kikashika kidogo. Yaani sensa yangu ya kwanza kabisa ilikuwa nzima! Ninayo mpaka leo kwenye droo, ya pili pia. Nina duka sasa, karibuni. Mzee alikaza kipini, akakata kipande kibovu, akaunga waya mpya kwa lehemu, akavisha mpira ule unaojibana kwa moto, akachukua elfu kumi na tano. Mwaka wa pili huu, masika zimepita, taa haijawaka.

Kwa hiyo wewe: ethi KWANZA, soketi imechomekwa, swichi on, hakuna kutoboa. Ethi ikiwa safi, hamia waya wa volti 5. Usipoikuta 5, usikimbilie boksi kama mie. Ile 5 mara nyingi inagawiwa na sensa nyingine, na moja ikipiga shoti inawanyima wote, basi chomoa hizo moja moja huku unaangalia mita. (Ila 5 ikikosekana kodi huwa P0122, chini, kwa hiyo kwako sitegemei.) Mwisho waya wa habari: mtu akanyage mafuta polepole sana na wewe macho kwenye namba. Ipande taratibu. Ikiruka au kuanguka katikati huku ethi na 5 zimetulia, hapo sawa, sensa imekufa kweli, nenda kanunue na mie nitakuombea dua.

Fundi akikwambia mita haina haja, mashine imeshasema, chukua ufunguo wako. Akiomba pini, kimbia.

Mita ya kawaida inatosha, azima kwa jirani. Pima leo jioni, kisha rudi hapa uandike namba tatu: ethi, ile 5, na habari ukiwa umeachia mafuta. Na ile ya ethi uitikise waya wakati unasoma, usinipe namba ya waya uliolala.