Re: Kwanini kioo kinakatika kwa mkwaruzo tu?
Mkuu umeuliza kwanini fundi vioo hapo Masasi anakwaruza kidogo tu halafu akikikunja kidogo kioo kinakatika, hilo mhandisi Griffith wa Uingereza alishalijibu tangu 1921. Huo mkwaruzo ni kama ufa mdogo, na ufa ukirefuka unaachia nishati iliyobanwa kwenye kioo ila pia unakula nishati kutengeneza nyuso mbili mpya, sasa inayoachiwa ikizidi inayoliwa ndo basi, ufa unakimbia wenyewe huukamati tena. Na urefu una maana sana aisee, ufa ukiwa mrefu mara 4 kioo kinapasuka kwa nusu tu ya mkazo (nguvu inayokivuta). Nondo ni habari nyingine, chuma kinavutika kwanza kinakula nishati nyingi mno, mwanasayansi Irwin wa Marekani ndo alikuja kuongezea hiyo. Dirisha lako la Shangani usiligongegonge.