Ukitaka kuongea vizuri na watu, jifunze swali la pili

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili maongezi yako na watu yasiishie kwenye "poa" na "sawa", kwa nini wenzako kazini wanakuelewa vibaya hata ukiongea taratibu, na ufanyeje na bosi wako anayejibu neno moja moja. Mimi nimekaa mapokezi miaka mingi. Kutwa naongea na watu nisiowajua, wengine wanafika wameshakasirika.

Kwanza achana na ile habari kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili. Namba hiyo ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, nayo yalihusu namna tunavyosoma hisia za mtu anayetamka neno moja moja kwa sauti au sura isiyoendana nalo. Mtu akikuuliza ofisi inafungwa saa ngapi, tabasamu utakavyo, bila kumtajia saa hajapata kitu.

Kilichonisaidia mimi ni swali la pili. La kwanza kila mtu analo mdomoni. La pili linatoka ndani ya jibu la mwenzio, kwa hiyo hulipati kama hukusikiliza. Mwenzangu wa zamu aliingia asubuhi, nikamuuliza habari za nyumbani. "Salama, ila mtoto hakulala." Hapo wengi hudakia, "Aa, hata wangu!" na maongezi yanahama. Nikamuuliza, "Hakulala kabisa, au alikuwa anaamka-amka?" Akavuta kiti. Kumbe mtoto anaota meno, na yeye alikuwa anataka tubadilishane zamu ila anaona haya kuomba.

Jambo jingine ni haraka ya kujibu. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu hupita, kwa wastani, kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Maana yake jibu tunaliandaa mwenzetu angali anaongea! Kwa salamu hakuna shida. Kwa malalamiko shida ipo, maana analoanza nalo mtu mara nyingi silo lililomleta. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliona faida ya kungoja madarasani: walimu waliozoea kungoja kama sekunde 1 baada ya kuuliza walipongoja 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi tatu, na mara nyingi nikifika mbili mtu ameshaongeza lile lenye uzito.

Kurudia alichosema mtu kunafaa pale tu penye utata: "Yaani fomu uliileta, ila jina halimo?" Usirudie kila kitu kama kasuku. Mtu kasema amechoka, wewe "kwa hiyo umechoka", utamchefua.

Kuhusu kueleweka vibaya, nadhani ombi lako unalificha. "Meza imejaa makaratasi" si ombi. Kila mmoja atadhani anasemwa mwenzake. Taja jina, taja kitu, taja saa: "Fulani, naomba uyatoe haya kabla ya saa sita." Na lawama usiandike kwenye simu, mpigie au mfuate, kwa sababu "sawa" ya maandishi inasomeka kwa hasira ya anayeisoma.

Huyo bosi wako wa neno moja moja, mwulize swali la pili mara moja tu. Akijibu kwa mkato tena, mwache, ana shughuli zake.