Fundi aliyesema "usiguse" alificha nini?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina blogu ya mapishi ya pwani, ina wasomaji si haba na hunipatia matangazo mawili matatu ya wauza viungo. Kijana aliyenitengenezea kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, alinionya nisibonyeze kabisa kitufe cha kusasisha, eti mwonekano wote utavurugika. Sasa dashibodi inaonyesha alama nyekundu yenye 17, na kijana hapokei simu siku hizi. Pili, kuna semina ya siku mbili ya masoko ya mtandaoni huko Dar, kiingilio shilingi 350,000, na wanasema nitatoka na "mfumo wa kulipwa kila mwezi". Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Nimlipe fundi aisasishe blogu, au niende semina?
Msomaji wa Tanga

Jibu: Salama, dada, na pole kwa hiyo 17, yaani masasisho yanayongoja. Hela mpe fundi, semina ingoje. Sasa nikwambie kwa nini, maana ukiishia hapo utampata fundi mwingine wa aina ileile.

Barua kama yako hunijia karibu kila wiki, na zote zina sentensi hiyo: aliyenitengenezea alisema nisiguse. Nikiisoma damu hunichemka. Fundi anayekabidhi kazi huku akimkataza mwenye mali kuisasisha anajua jambo ambalo hajakwambia, na mara nyingi ni moja kati ya mawili.

La kwanza, alichokonoa faili za themu yenyewe, yaani vazi linalopanga mwonekano wa blogu. Ulitaka kichwa cha blogu kiwe na rangi ya bizari, akaingia kwenye style.css, faili ya rangi na mapambo ya themu, akabadili humohumo. Themu ikisasishwa, faili zile hufutwa na kuwekwa mpya, na bizari yako inakwenda nazo. Hapo hakudanganya. Lakini dawa yake ipo siku zote: themu mtoto, folda ndogo inayobeba mabadiliko yako peke yake huku themu mzazi ikisasishwa itakavyo. Wala si kazi ya siku nzima. Asiyeitengeneza ni mvivu au hajui, na vyote viwili bili unalipa wewe.

La pili ni baya zaidi. Themu ni ya kukreki. Mwenyewe aliyeitunga anaiuza kwa dola, kijana kaipakua bure kwenye tovuti zinazogawa themu zilizovunjwa leseni, kisha wewe akakutoza kana kwamba kainunua. Themu hiyo haisasishiki kwa njia ya halali kwa sababu haina leseni ya kukutambulisha kwa muuzaji. Na wanaozigawa hawatoi sadaka. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Wordfence ilieleza kwa kirefu habari za kirusi kiitwacho WP-VCD, kilichosambaa hasa kwa njia hii: kilitiwa ndani ya themu na plagini (viongezo vya WordPress) za kukreki kabla hazijawekwa mtandaoni, mwenye blogu akakipakia kwa mkono wake mwenyewe. Kikishaingia kiliambukiza themu nyingine zilizomo, na hata blogu nyingine zilizokaa kwenye akaunti moja ya hosti, kampuni inayohifadhi tovuti. Wewe unayeandika mapishi unaijua: rahisi huvunja upishi.

Nina mteja Mombasa, muuza mabaibui, aliyeniapia blogu yake ni nzima. Akiandika anwani kwenye kompyuta yake inafunguka vizuri. Nikamwomba achukue simu, aitafute Google kama mgeni, abonyeze. Ikafunguka tovuti ya kamari. Kirusi kilikuwa kinamchungulia anayeingia: akitokea Google kwa simu, apelekwe kwenye kamari, akiwa ni mwenye blogu aliyeingia kama msimamizi, aonyeshwe mabaibui yake. Nilipofungua functions.php, faili ya amri za themu, mstari wa kwanza ulionekana mtupu. Nikausogeza kulia, nikasogeza, nikasogeza. Mwisho wa nafasi tupu nyingi kulikuwa na base64_decode, amri ya kufumbua maandishi yaliyofichwa, na mkururo wa herufi zisizosomeka. Aliyeandika alijua kwamba watu hawasogezi kulia.

Jipime leo, haikugharimu kitu. Kwenye Google andika site: ukifuatisha anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Zitatokea kurasa zako ambazo Google inazijua. Ukiona pweza wa nazi na mahamri, vizuri. Ukiona maandishi ya Kijapani ambayo hujawahi kuyaandika, au matangazo ya dawa za nguvu za kiume, umeshaingiliwa, na kusasisha peke yake hakutamtoa aliyekwisha kuingia. Hapo mwambie fundi kazi yake ni kusafisha, na bei mpatane kwa msingi huo.

Najua utakalosema sasa, kwa kuwa wote hulisema: blogu yangu ndogo, nani atahangaika nayo? Hili ndilo kosa linalonichosha kuliko yote katika kazi hii, kwa hiyo nivumilie.

Januari 2017 mtafiti wa kampuni ya Sucuri aligundua ufa katika WordPress 4.7, toleo lililotoka Desemba tu. Mtu yeyote, bila nenosiri, aliweza kubadili maneno ya makala ya mwingine. Tarehe 26 Januari likatoka toleo la 4.7.2 lenye kiraka, na wahusika wakanyamaza kwa makusudi kuhusu ufa huo kwa muda wa wiki moja hivi, ili blogu zipate nafasi ya kujisasisha. Tarehe 1 Februari wakatangaza. Ndani ya siku chache kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeandikwa upya na wahuni, lakabu zao zikiwa zimebandikwa juu ya makala za watu. Unadhani kuna aliyekaa akachambua nani maarufu na nani si maarufu? Waliandika programu, ikapita mtandaoni ikijaribu anwani moja baada ya nyingine. Haikujua kama upande wa pili kuna gazeti, kanisa, au bibi anayeuza achari. Iliuliza jambo moja tu: hili ni toleo gani?

Na wengi walisalimika bila hata kujua. Tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo ya usalama, yale yanayotambulika kwa tarakimu ya tatu, kama hiyo 2 ya 4.7.2. Walioumia ni wale ambao utaratibu huo ulikuwa umezimwa au haufanyi kazi. Mwambie fundi mpya afungue wp-config.php, faili ya mipangilio, atazame kama kuna mstari wenye AUTOMATIC_UPDATER_DISABLED, unaozima kujisasisha huko. Simjui kijana wako, ila mafundi wa "usiguse" huupenda sana mstari huo. Ukiwepo, atazame kwanza kwa nini uliwekwa, kisha auondoe.

Jambo jingine ambalo "usiguse" haisemi: hata usipogusa, chini yako panaguswa. Blogu yako inaendeshwa na PHP, lugha ya programu iliyo kwenye seva ya hosti, na hosti hatakaa na PHP ya zamani milele kwa ajili ya mapishi yako. PHP 8.0 ya Novemba 2020 iliondoa amri kadhaa ambazo themu na plagini za zamani zilizitegemea, create_function ikiwa mojawapo. Siku hosti anapohamisha seva kwenda PHP mpya, blogu iliyofungiwa huamka ukurasa mweupe. Vurugu uliyoogopeshwa nayo inakuja vilevile, tofauti ni kwamba inakuja usiku, hujaweka bakapu (nakala ya akiba), na mwenye kosa hapokei simu.

Tena hiyo 17 isikudanganye kwamba ndiyo idadi kamili. Kama ukurasa wako wa mbele una picha zinazopishana, huenda ni plagini ya slaida iliyokuja imefungashwa ndani ya themu. Zilizofungashwa hivyo mara nyingi hazitoi taarifa kwenye dashibodi. Zinangoja mwenye themu azisasishe. Ndivyo ilivyokuwa kwa plagini ya slaida iitwayo Slider Revolution. Kiraka kilikuwa kimetoka miezi mingi, lakini Desemba 2014 kirusi cha SoakSoak kilipita kwenye toleo lake la zamani kikaambukiza tovuti zaidi ya laki moja. Wengi wa wenye tovuti hawakujua kama wana plagini hiyo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Bakapu kwanza, ya faili pamoja na hifadhidata inamokaa maandishi yako, na nakala moja ishushwe kwenye kompyuta yako. Bakapu inayokaa kwenye seva ileile inazama pamoja na meli. Fundi airudishe hiyo bakapu kwenye folda ya majaribio, uone kwa macho yako inafunguka. Hapohapo kwenye majaribio asasishe plagini mojamoja, akitazama ukurasa kila baada ya moja, kisha themu, kisha WordPress yenyewe. Kikivunjika kitu, mnajua ni kipi. Ikipita salama, arudie kwenye blogu halisi. Plagini zisizotumika zifutwe, kuzizima tu hakutoshi, maana faili zake bado zinafikika. Themu ya kukreki itupwe bila huruma. Kuna themu za bure kwenye hazina rasmi ya WordPress zinazotosha blogu ya mapishi na kubaki. Na nenosiri la msimamizi libadilishwe, kijana wako bado analo.

Ukiona fundi anaanza kusasisha kabla ya bakapu, mnyang'anye kiti.

Sasa semina. Hapa nitapunguza maneno, ingawa hasira ni ileile, kwa sababu watu ni walewale. Biashara nyingi za namna hiyo haziishi kwa kiingilio. Siku ya kwanza unasifiwa na kuonyeshwa picha za miamala. Siku ya pili alasiri linatoka "darasa maalumu" la bei kubwa zaidi, punguzo ni la leo tu, na mzungumzaji na mwandaaji wanagawana kila kinachouzwa ukumbini. Mzungumzaji wa hivyo hana sababu ya kukufundisha jambo likakwisha, kwa maana likikwisha hutanunua la alasiri.

Semina nzuri zipo. Zijue kwa ratiba. Mada ikiwa "Jinsi ya kupunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke haraka kwenye simu", kuna mtu atakueleza kitu. Mada ikiwa "Fungua milango ya kipato", hakuna. Akiahidi kukuweka nafasi ya kwanza Google, ondoka. Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba hakuna awezaye kuahidi hilo. WordCamp, mikutano ya watumiaji wa WordPress iliyoanza San Francisco mwaka 2006 na ambayo imeshafanyika hata Kampala na Nairobi, wazungumzaji wake hawalipwi, tiketi hufanywa nafuu kwa makusudi, na hotuba nyingi zimewekwa WordPress.tv bure. Kaa nazo wiki moja kabla hujalipa senti kwa yeyote. Faida halisi ya kwenda ukumbini ni watu utakaokaa nao mezani, mwanablogu mwenzako anayejua wauza viungo wa Zanzibar wanalipa kiasi gani kwa tangazo. Ukumbi unaokuketisha kwa mistari saa nane mfululizo ukimtazama mtu mmoja jukwaani hauna faida hiyo.

Kuna kipimo ninachokitumia mwenyewe kabla ya kulipa. Chukua jina la mzungumzaji mkuu, tafuta tovuti yake, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya uangalie chanzo cha ukurasa. Ndani yake tafuta neno generator. WordPress huandika hapo namba ya toleo lake, isipokuwa mwenyewe awe ameiondoa. Linganisha na toleo la sasa lililoandikwa wordpress.org. Nimeshakuta "magwiji" wanaotoza laki kadhaa kufundisha biashara ya mtandaoni huku tovuti zao zikiwa nyuma kwa miaka. Huyo naye yupo aliyemwambia asiguse.

Kwa hiyo wiki hii fanya ule upimaji wa site:, kisha tafuta fundi na umuulize maswali mawili kabla ya bei: themu atakayoniwekea leseni yake itakuwa kwa jina la nani, na bakapu ataniachia wapi. Akisita kwenye la kwanza, endelea kutafuta. Mwandaaji wa semina mwombe ratiba kamili, saa kwa saa, pamoja na majina ya wazungumzaji. Akikujibu kwa kukutumia namba ya kulipia, usimjibu.