Soma herufi zote kabla hujatoa hela

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya sarafu ya dhahabu yenye msalaba uliosimama juu ya ngazi. "Kaka, muuzaji anasema ni ya Constantine Mkuu. Ninunue?"

Nilishtuka, maana sarafu kama hiyo ninayo, na ilinimaliza akiba ya miezi minane. Nilikuwa na kiu ya kushika dhahabu ya kaisari wa kwanza Mkristo. Nikaona msalaba, nikaona CONSTANT kando ya uso, na chini ya ngazi CONOB. Nikalipa usiku uleule. Jumapili nikaipeleka kwa vijana wa kanisani, nikawahubiria nusu saa nzima. Mwalimu mmoja mstaafu akaomba kuishika, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ukucha wake ukatua kabla ya CONSTANT.

"Na hizi TIB, mwanangu, ulizisoma?"

Ilikuwa ya Tiberius wa Pili, aliyetawala Constantinople mwaka 578 hadi 582 na kujiongezea jina la Constantine. Yule niliyemhubiri alikuwa amekufa miaka zaidi ya 240 nyuma. CONOB nayo ni alama ya Constantinople na dhahabu safi. Vijana walinyamaza. Mpaka leo inaniuma.

Jamani, jifunzeni dini iliyo kwenye sarafu kabla ya bei yake! Hadi karibu mwaka 325, dhahabu ya Constantine mwenyewe iliendelea kumbeba Sol, mungu jua mwenye taji la miale, pamoja na maneno SOLI INVICTO COMITI: kwa Jua lisiloshindwa, mwandani wa kaisari. Msalaba uliingia taratibu. Karibu mwaka 420, enzi za Theodosius wa Pili, Victoria, mungu wa kike wa ushindi, alishikishwa msalaba mrefu. Miaka mia moja baadaye, chini ya Justin wa Kwanza, nafasi yake ikachukuliwa na malaika, mabawa yakabaki. Tiberius ndiye aliyeusimamisha msalaba peke yake juu ya ngazi kwenye solidus, yaani sarafu hiyo ya dhahabu ya Kirumi. Anayekuuzia msalaba huo kwa jina la Constantine Mkuu, ama hajui ama anakudanganya.

Kwa hiyo soma herufi zote kuzunguka uso. Halafu pima: solidus nzima ina gramu 4.5 hivi. Halafu rudia kusoma herufi.

Ndugu uliyeniandikia, nitumie picha ya upande wa uso, herufi zionekane zote. Hela usitume kwanza.