Kwa mnaoanza kuonyesha watu mwezi: anzeni na kivuli

Vijana wapya wanaokuja kutusaidia kwenye jioni za darubini hapa Mombasa karibu wote huniuliza jambo moja: mwezi utakuwa mpevu lini, tuwaite watu? Nami nilianza na fikra hiyo hiyo. Mara ya kwanza niliwaita wanafunzi 30 pale ufukweni Mama Ngina, usiku wa kumi na nne, mwezi umejaa na bahari yote inang'aa. Kila mtoto aliinama, akaona sahani nyeupe inayoumiza jicho, akampisha mwenzake. Binti mmoja wa darasa la sita akabaki nyuma, akaniuliza, "Mwalimu, yale mashimo yako wapi?" Yalikuwa pale pale mbele yake, na sikuwa na namna ya kumwonyesha.

Mwezi mpevu hupigwa na jua usoni, jua likiwa nyuma yetu sisi tunaotazama. Hapo hakuna kivuli, na pasipo kivuli jicho halijui shimo wala mlima. Nendeni ufuoni saa sita mchana mtazame nyayo mchangani, kisha mrudi saa kumi na mbili kasoro jua likielekea kutua. Nyayo ni zile zile, ila jioni kila moja ina ukingo na kina.

Kwa hiyo waiteni watu kati ya usiku wa saba na wa tisa tangu mwezi kuandama. Hesabu hiyo mjini kwetu haimpi mtu taabu, maana habari za kuandama kwa mwezi hufika kila nyumba. Na ukipotewa na siku, muulize mvuvi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiwa mpya au mpevu, jua na mwezi zikivuta bahari kwa mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo hukingamana na tunapata maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mvuvi akikwambia ni maji mafu na mwezi uko juu jua linapotua, toa darubini. Maji mafu mengine huangukia mwezi unaochomoza usiku wa manane, na huo waachieni wasiolala.

Elekezeni darubini kwenye mpaka wa mwanga na giza, karibu na katikati. Usiku wa nane mtakuta kasoko tatu, yaani yale mashimo, zimepangana: Ptolemaeus yenye upana wa kilomita 153, kisha Alphonsus, kisha Arzachel. Kando yao iko Albategnius. Utaratibu tunaoufuata wa kuzipa kasoko majina ya wataalamu uliwekwa na padri Mwitaliano, Giovanni Battista Riccioli, mwaka 1651. Watoto wa Mji wa Kale mimi huwaambia taratibu kwamba Albategnius ni al-Battani, na Arzachel ni al-Zarqali wa Andalusia, wanajimu Waislamu walioandikwa kwa matamshi ya Kilatini. Nyuso zao hubadilika. Msilipite jambo hili haraka.

Kaeni na Arzachel zaidi. Jua likianza kuchomoza huko, sakafu yake ni nyeusi tititi kama kisima, na katikati ya weusi huo inawaka nukta moja nyeupe. Hicho ni kilele cha mlima uliosimama ndani ya shimo, kimepata jua kabla ya bonde lake. Subirini nusu saa, nukta inakua. Mimi nimeitazama miaka mingi na bado huita watu waje waone.

Hapo ndipo mtaulizwa: nani alichimba? Jibuni sawasawa, maana wengi husema "mawe yaliangukia mwezi" wakaishia hapo, na aliyesikia hubaki akifikiria embe lililoanguka kwenye tope. Vimondo hugonga mwezi kwa kasi ya kilomita kama 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungetoka Mombasa ukafika Nairobi kabla nusu dakika haijaisha. Jiwe lenye kasi hiyo halibonyezi tu. Nguvu yake yote hugeuka joto na mshindo kwa mara moja, jiwe lenyewe huyeyuka na kuwa mvuke, na ardhi hulipuka kuelekea pande zote. Kasoko ni alama ya mlipuko, ndiyo maana kwa kawaida huwa pana mara 10 hadi 20 kuliko jiwe lililoileta.

Na ndiyo maana ni duara. Jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu, wengi wakishikilia kuwa kasoko ni volkeno. Mmarekani Grove Karl Gilbert alitetea wazo la vimondo miaka ya 1890, lakini akakwama hapo: kitu kikirushwa kwa mshazari kwenye matope huacha alama ndefu, mbona za mwezini ni duara? Mtaliona tatizo lake wenyewe mkifanya jaribio la kurusha gololi kwa mshazari kwenye sinia la unga wa ngano. Lifanyeni, watoto hulipenda, lakini semeni wazi kwamba gololi husukuma tu, hailipuki. Mlipuko husambaa sawa pande zote hata jiwe likija kwa mshazari, isipokuwa likija karibu kulala kabisa. Ushahidi mzito ulipatikana mwaka 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walipoeleza kuwa kwenye shimo kubwa lililoko Arizona, Marekani, kuna koesaiti, madini yanayohitaji mgandamizo ambao volkeno haiwezi kuutoa juu ya ardhi.

Kuhusu mlima wa katikati, chukueni beseni la maji mdondoshe tone. Maji hushuka, kisha katikati huruka juu kama kidole. Mwamba ukigongwa kwa nguvu kiasi hicho hufanya vivyo hivyo kwa dakika chache, halafu huganda.

Usiku wa kumi na nne hauna hasara yote. Ndio usiku wa kasoko ya Tycho, kusini mwa mwezi, yenye upana wa kilomita 85, yaani kutoka Mombasa hadi Watamu ukinyoosha kamba. Vumbi na mawe iliyorusha yamechora miale myeupe hadi mbali sana. Ina umri wa miaka milioni 108 hivi, nayo mwezini huhesabiwa kijana, kwa sababu huko hakuna mvua wala upepo wa kufuta kitu. Dunia nayo iligongwa, ila mvua, bahari na mwendo wa matabaka ya ardhi vimefuta karibu alama zote. Yale madoa meusi yaitwayo bahari hayana maji. Ni mabonde ya migongano mikubwa yaliyojazwa na lava, nyingi ikiwa na zaidi ya miaka bilioni 3.

Ramani za vitabuni huwachanganya wageni wengi. Zimechorwa kwa macho ya watu wa kaskazini, nusu angavu ikiwa kulia. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama dau, na ukiutazama ukielekea magharibi, upande wenye mwanga uko chini. Igeuzeni ramani robo mzunguko kwa mwendo wa mishale ya saa, mtaelewana nayo. Darubini inayotumia kioo cha kuakisi mwanga huongeza kupindua picha juu chini, basi jaribuni kabla wageni hawajafika.

Mtaulizwa pia kama bendera za Marekani zinaonekana. Hapana. Mwezi uko kilomita 384,400 kwa wastani, na kwa darubini zetu ndogo kitu chenye upana chini ya kilomita 3 hivi hakitambulikani.

Lenzi msiifute kwa leso wala ncha ya shati, chumvi ya bahari iliyokaa juu yake itaikwaruza. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi itashika ukungu papo hapo, kwa hiyo itoeni nje saa nzima mapema, ikiwa imefunikwa, izoee joto la jioni.