Maswali na majibu: Emery alistahili kufukuzwa Arsenal, ila si kwa sababu mnazozitaja

Barua nyingi safari hii zinamhusu Unai Emery na miezi 18 aliyokaa Arsenal, kuanzia Mei 2018 hadi Novemba 2019. Tangu aipeleke Aston Villa Ligi ya Mabingwa, mashabiki wa Arsenal wamegawanyika: wapo wanaoona waliachia kocha wa dhahabu, na wapo wasiotaka hata kusikia jina lake. Nimechagua zile barua zenye swali ndani yake. Zenye matusi matupu zimebaki pembeni.

Kama Emery ni kocha mzuri namna hii, kwa nini Arsenal walimfukuza?

Kwa sababu timu ilicheza mechi saba mfululizo bila kushinda, jambo ambalo klabu haikuwa imelishuhudia tangu mwaka 1992. Zihesabu mwenyewe: Crystal Palace 2-2, Liverpool 5-5 katika Kombe la Ligi na kutolewa kwa penalti, Wolves 1-1, Vitória 1-1, Leicester 0-2, Southampton 2-2, Eintracht Frankfurt 1-2. Sare ya Southampton ilipatikana nyumbani, kwa bao la Lacazette la dakika za nyongeza, mwezi mmoja baada ya Southampton hao hao kupigwa 9-0 na Leicester. Frankfurt walishinda Emirates, uwanja wa Arsenal, tarehe 28 Novemba 2019, na kesho yake Emery akafungashiwa virago. Arsenal walikuwa nafasi ya 8 wakiwa na pointi 18 katika mechi 13.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Wanaosema leo kwamba ilikuwa haraka mno hawajarudi kuitazama ile mechi ya Southampton.

Si kweli kwamba aliiacha timu pabaya kuliko alivyoikuta?

Msimu wa mwisho wa Wenger, kocha aliyemtangulia, 2017/18, Arsenal walimaliza nafasi ya 6 na pointi 63. Msimu wa kwanza wa Emery walimaliza nafasi ya 5 na pointi 70. Chelsea walikuwa na 72 na Tottenham 71. Kwa hiyo nafasi ya nne, ya mwisho ya kuingia Ligi ya Mabingwa, ilimponyoka kwa pointi moja, na pia aliifikisha timu fainali ya Europa Ligi. Ukianza na msimamo wa msimu wa pili bila kuutaja wa kwanza, unapotosha.

Sasa twende kwenye tarehe 2 Machi 2019, Wembley, dhidi ya Tottenham. Matokeo ni 1-1, dakika ya 90 imefika, Arsenal wanapata penalti. Aubameyang anapiga, Lloris anaokoa. Lile bao lingeingia, Arsenal wangemaliza na 72 na Tottenham na 70, na Emery angekuwa amerudisha Ligi ya Mabingwa katika msimu wake wa kwanza. Mjadala mzima tunaoufanya leo ungekuwa na sura nyingine.

Lakini msiishie kwenye penalti, kwa sababu kosa kubwa lilikuja mwezi uliofuata. Tarehe 18 Aprili Arsenal walishinda Napoli ugenini 1-0, na humo humo Ramsey akaumia na hakuichezea tena klabu. Siku tatu baadaye Palace wakaja Emirates. Emery akapumzisha watu: Mavropanos, Jenkinson na Elneny wakaanza. Mustafi akaacha mpira upite akidhani kipa ataudaka, Zaha akaufuata na kufunga, na mechi ikaisha 3-2 kwa Palace. Zikafuata 3-1 Wolves, 3-0 Leicester, na sare ya 1-1 nyumbani na Brighton ambao siku moja kabla walikuwa wamehakikishiwa kutoshuka daraja. Mechi nne, pointi moja. Ushindi mmoja tu katika hizo nne ungewaingiza nne bora.

Haya yana mwenyewe. Kocha ndiye anayepanga kikosi, na Emery aliamua kuipa Europa Ligi uzito. Kisha akapigwa 4-1 na Chelsea katika fainali yake kule Baku, mabao yote matano yakiingia kipindi cha pili. Ndiyo maana nasema alikosea pakubwa. Ila alikosea katika mambo yanayotajika kwa tarehe na kwa majina, si kwa sababu "hakuwa na hadhi ya Arsenal".

Tatizo si lugha? Hata "good ebening" yake, alivyotamka "good evening", ilikuwa aibu.

Lafudhi ile ile ndiyo inayotoa maelekezo Villa. Swali hili nimelijibu mara nyingi na sitalijibu tena. Kumcheka mtu anayezungumza lugha ya pili mbele ya kamera si uchambuzi wa mpira.

Kiufundi, kasoro yake hasa ilikuwa nini? Mnasema tu "hakuwa na mfumo".

Hili ndilo swali zuri kuliko yote.

Emery ni kocha wa kumsoma mpinzani. Wiki hii mabeki watatu, wiki ijayo wanne. Leo viungo wakabaji wawili, kesho kiungo mshambuliaji anaachwa benchi kwa sababu mpinzani anabana katikati. Hiyo si kasoro. Inakuwa kasoro pale timu isipokuwa na msingi wa kurudia mpango unapovunjika. Dalili ilikuwepo hata zile siku za furaha. Arsenal walicheza mechi 22 bila kupoteza kati ya Agosti na Desemba 2018, na mashabiki wakaimba kwamba Arsenal yao imerudi. Lakini katika mechi 17 za kwanza za Ligi Kuu msimu huo hawakwenda mapumziko wakiongoza hata mara moja. Ya kwanza ilikuwa dhidi ya Burnley, tarehe 22 Desemba. Maana yake mpango wa kuanzia ulikuwa unashindwa, kisha kocha anaurekebisha kwa wachezaji wa akiba na wapinzani wanachoka. Marekebisho hayo ni kipaji cha kweli. Lakini huwezi kuyategemea miezi tisa.

Mtakaotaka kuuona ugonjwa kwa macho, tafuteni Watford 2-2 ya tarehe 15 Septemba 2019, mechi kamili, maana mukhtasari wa mabao utakudanganya. Watford walikuwa mkiani na wamebadili kocha siku chache kabla. Arsenal wakaongoza 2-0 kufikia dakika ya 32, yote ya Aubameyang. Baada ya hapo fuata kila golikiki ya kipa Leno. Msimu huo sheria ilikuwa imebadilika, beki akaruhusiwa kupokea golikiki akiwa ndani ya boksi lake. Arsenal wakaipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Simamisha picha kabla Leno hajapiga na uangalie mambo matatu: mabeki wa kati wamesimama umbali gani na lango, kiungo aliye karibu amewapa mgongo wapinzani au uso, na je, kuna mtu wa kupigiwa mpira mrefu presha ikija? Mara nyingi utakuta mabeki wako ndani ya boksi, kiungo ameshafungwa, na mbele hakuna anayeugombea mpira wa juu. Dakika ya 53 Sokratis akapiga pasi hapo hapo, ikanaswa, Tom Cleverley akafunga. Dakika ya 81 David Luiz akasababisha penalti, ikawa 2-2. Watford walipiga mashuti 31.

Kujenga mashambulizi kutoka nyuma kunahitaji njia tatu: pasi fupi, mtu wa tatu anayejitokeza kupokea, na pasi ndefu ya kutorokea. Arsenal ile ilikuwa na ya kwanza tu. Mabeki waliona timu inazama na bado waliendelea kupasiana golini, kwa sababu hakuna aliyewapa njia nyingine. Hapo lawama ni ya kocha, si ya Sokratis peke yake.

Nani alaumiwe kwa usajili wa winga Pépé?

Uongozi. Arsenal walitoa pauni milioni 72 kwa Lille, rekodi ya klabu wakati ule, na Emery alisema wazi baadaye kwamba yeye alimtaka Zaha wa Palace. Dirisha dogo la Januari 2019 lilikuwa baya zaidi: Holding na Bellerín wako nje kwa majeraha ya goti, timu inawania nne bora, na aliyeletwa ni Denis Suárez kwa mkopo. Hakuanza hata mechi moja ya ligi.

Jambo msilolitaja kwenye barua zenu: waliomwajiri Emery walianza kuondoka kabla hajamaliza mwaka. Ivan Gazidis alikwenda AC Milan, Sven Mislintat akaondoka mapema 2019, na Edu akaja Julai 2019 kuwa mkurugenzi wa ufundi. Kocha alibaki akifanya kazi na mabosi wasiomchagua. Shabiki akiona hali hiyo katika klabu yoyote, aanze kuwa na wasiwasi kabla ya matokeo kuharibika.

Kiungo Özil alionewa?

Hapana. Arteta naye, kocha aliyekuja baada ya Emery na mwenye falsafa tofauti kabisa, alimwacha nje ya vikosi vya Ligi Kuu na Europa Ligi Oktoba 2020. Makocha wawili wamefikia hitimisho moja. Kosa la Emery lilikuwa kumtoa, kumrudisha, kumtoa tena, bila kusema msimamo wake.

Sakata la kiungo Xhaka na kitambaa cha unahodha, lilikuwaje hasa?

Koscielny, aliyekuwa nahodha, alikataa kwenda ziara ya Marekani Julai 2019 na akaishia Bordeaux. Emery akaanza msimu bila kutaja nahodha, akazungumzia kundi la manahodha watano, kisha akawaachia wachezaji wapige kura. Xhaka akatangazwa mwishoni mwa Septemba, ligi ikiwa imeanza mwezi mzima na zaidi. Mwezi mmoja baadaye, dhidi ya Palace, akazomewa wakati anatolewa. Akaweka mkono sikioni, akatukana, akavua jezi. Siku tisa zikapita kabla hajavuliwa unahodha rasmi.

Uamuzi ungetolewa Julai, au adhabu ingetolewa kesho yake, moto ungezimika. Lakini na waliomzomea mchezaji wao wenyewe, timu ikiwa sare, walichangia. Xhaka huyo huyo alikuwa nguzo ya Arsenal iliyomaliza ya pili 2022/23.

Kwa kigezo kilichomwondoa Emery, Arteta naye si angefukuzwa?

Kwa pointi tu, ndiyo. Desemba 2020 Arteta alikuwa na pointi 14 katika mechi 14, timu ikiwa ya 15. Emery aliondoka na 18 katika 13. Tofauti ni kwamba Arteta alikuwa ameshachukua Kombe la FA, na Septemba ile klabu ilimpandisha cheo kutoka kocha mkuu hadi meneja, akawa na sauti katika usajili. Klabu ilijifunza kutokana na yaliyompata mtangulizi wake. Emery hakupewa mamlaka hayo wala uvumilivu huo.

Villa ya leo haithibitishi kwamba tulimwachia kocha bora?

Inathibitisha kwamba ni kocha bora. Haithibitishi kwamba angefanya hivyo Arsenal ya 2019.

Tazama alichokikuta Villa Novemba 2022. Gerrard, kocha aliyemtangulia, aliacha timu na pointi 9 katika mechi 11, kwa hiyo hakuna aliyedai ubingwa. Hakukuwa na mechi za Ulaya za Alhamisi. Kombe la Dunia likasimamisha ligi katikati ya Novemba hadi siku moja baada ya Krismasi, naye akapata wiki za mazoezi ambazo kocha wa katikati ya msimu hapati kamwe. Mwaka 2023 akaja Monchi, waliyeshinda naye Europa Ligi tatu mfululizo Sevilla, kusimamia usajili. Na muhimu zaidi, alijenga msingi: mabeki wamepanda juu kwa mtego wa kuotea, viungo wamebanana mbele yao, na kipa Martínez aliye tayari kutoka, yule yule ambaye Arsenal walimuuza kwao 2020. Juu ya msingi huo ndipo anapobadilisha mambo kulingana na mpinzani. Walimaliza wa 7 na pointi 61, kisha wa 4 na 68.

Msimu huo wa 2023/24 Villa waliifunga Arsenal 1-0 na 2-0. Arsenal waliukosa ubingwa kwa pointi mbili.

Kina Saka ni kazi ya Arteta, Emery hakuwaamini vijana.

Saka alicheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa chini ya Emery, dhidi ya Vorskla huko Kyiv, Novemba 2018. Smith Rowe vivyo hivyo, Septemba mwaka huo. Martinelli alianza kwa mara ya kwanza chini yake, dhidi ya Nottingham Forest, akafunga mawili. Tafadhalini, angalieni kabla ya kuandika.

Mechi yake bora Arsenal ni ipi?

Tottenham, 4-2, tarehe 2 Desemba 2018. Arsenal wako nyuma 2-1 mapumziko. Emery anawatoa Iwobi na Mkhitaryan kwa pamoja, anawaingiza Ramsey na Lacazette. Aubameyang anasawazisha dakika ya 56, Lacazette anafunga ya 74, Torreira ya 77. Ukiirudia, mfuate Ramsey tangu anapoingia, hasa anavyowabana mabeki wa Tottenham kabla hawajainua kichwa.