Seva ya akiba: ihamishe IP tu au na MAC?

Ndugu, umeuliza kama seva yako ya pili ichukue IP pekee au na anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) pia pale ya kwanza inapozimika. Kwa Linux, anza na IP peke yake. Seva ya pili ikishaipokea, itangaze kwa ARP, njia ya vifaa kujua IP ipi iko kwa MAC ipi, papo hapo:

arping -U -I eth0 -c 3 192.168.10.5

Mashine nyingi zitaisahau MAC ya zamani mara moja. Keepalived, programu ya kuhamisha IP kati ya seva, hulitoa tangazo hilo yenyewe.

Shida ni vifaa vinavyolipuuza. Niliwahi kukesha kwa ajili ya ruta moja kuukuu: seva mpya iko hewani, IP ni ileile, lakini ruta inazidi kutuma pakiti kwa MAC ya seva iliyokufa, mpaka nilipoifuta kumbukumbu yake ya ARP kwa mkono. Hapo ndipo MAC ya pamoja inapofaa. Ila tafadhali usinakili ile ya kiwandani. Siku ukiiwasha tena seva mbovu, MAC moja itaonekana kwenye milango miwili ya swichi na pakiti zitatangatanga. Tunga yako, baiti ya kwanza iwe 02, kama 02:00:00:00:10:05. Au weka use_vmac kwenye Keepalived, upate MAC ya 00:00:5e:00:01 ikifuatiwa na namba ya kundi lako la seva (virtual_router_id).

Kagua pia ulinzi wa milango ya swichi: mlango uliofungiwa MAC moja utaikataa hiyo mpya. Na unapojaribu, chomoa waya wa mtandao kabisa. Kuzima seva taratibu hakukuonyeshi hali halisi.